Maswali ya Wasomaji: Maumivu, Mafumbo na Mtu Aliyelichuma Ua

Barua nyingi zilizoifikia safu hii ya ushairi safari hii zimetoka kwa watu wenye jambo zito: msiba, ndoa ya kulazimishwa, rafiki aliyekata tamaa. Kila mmoja kwa njia yake anauliza lugha ya mafumbo inamfaa nini mtu mwenye dhiki ya kweli. Nimechagua barua tano. Majina ya walioziandika nimeyaacha, na barua zenyewe nimezifupisha bila kugusa hoja zake.

Hawakumwona mama yangu

*Shikamoo malenga. Mama yangu alifariki mwaka jana, na tangu hapo nimekuwa nikitunga mashairi juu yake. Wenzangu wa chama cha washairi niliwasomea ubeti huu:*

*Mama taa umezima, kiza kimenizingira,*
*Merikebu imezama, mawimbi yananipora,*
*Waridi limeinama, limepoteza na sura,*
*Moyo umekuwa chuma, nasafiri bila dira.*

*Waliusifu kwa vina na mizani, lakini sikumwona aliyeguswa, na mmoja aliniambia kwamba hakumwona mama yangu ndani yake. Nimeumia, kwa sababu uchungu wangu si wa kuigiza. Hadi leo huamka alfajiri nikatega sikio nisikie ufagio wake uani, ndipo nikumbuke kwamba hayupo. Je, niongeze tamathali, au niache mafumbo niseme wazi?*

Marahaba, na pole sana kwa msiba. Mwenzako amesema kweli, na nadhani alikusudia kukusaidia. Kwa upande wa arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, ubeti wako hauna ila: kila mshororo una mizani (silabi) 16, na vina vya ukwapi (kipande cha kwanza) na vya utao (kipande cha pili) vimetimia. Tatizo ni kwamba ndani ya mishororo minne umepanga taa, merikebu, waridi, chuma na dira, na vitu hivyo vitano havijuani. Merikebu ikishazama katika mshororo wa pili, huyu msafiri wa mshororo wa nne anasafiri kwa chombo gani hata aikose dira? Na moyo uliozingirwa na kiza na kuporwa na mawimbi umegeukaje chuma, ambacho sifa yake kubwa ni kutoumia? Kabla picha moja haijakolea machoni mwa msikilizaji, nyingine imekwisha kuisukuma pembeni, na mwishowe anabaki na mishororo iliyosawazishwa vizuri isiyomwachia kitu.

Lipo pia jambo la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Picha zote tano ni mali ya umma. Kila aliyefiwa ana taa iliyozimika. Ubeti huu ungeweza kuimbwa kwa ajili ya mume, mwalimu, au hata chama cha siasa kilichoanguka katika uchaguzi, bila kubadilisha neno zaidi ya lile la kwanza.

Sisemi kwamba picha iliyozoeleka haifai kamwe. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alipomlilia mkewe Amina alimfananisha na ua, na hata wakati wake ua lilikuwa limekwisha kutumiwa na kila mtu. Lakini alilipa ua lile tendo moja mahususi. Halikukatwa wala halikunyauka. Limefunga baada ya kuchanua. Ua lililofunga bado ni zima, na uzuri wake umo humo ndani, ila hatuufikii tena. Kisha, katika ubeti uo huo, anakirudia kitenzi cha kufunga kwa ajili ya mapenzi yao wawili, ambayo anasema hapana wa kuyafungua. Tendo moja linabeba kifo na uaminifu kwa pamoja. Hapo tashbihi haikuletwa kuupamba uchungu, bali imeeleza jambo ambalo kwa maneno ya kawaida lingehitaji aya nzima, na pengine lisingeaminika.

Mfano mwingine ni wa zamani zaidi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga utenzi wa Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, alipoomboleza kuanguka kwa Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya, hakuishia kusema kwamba mji umekufa. Aliingia ndani ya majumba ya wakubwa wake akatuonesha madaka ya ukutani yaliyokuwa yakipangwa sahani, ambayo sasa vifaranga vya ndege vimelala humo. Hakuna aliyewahi kuusahau ubeti ule, na siri yake ni hayo madaka. Aliyeyataja alijua kilichokuwa kikiwekwa pale.

Nawe unajua kilichokuwa kikifanyika uani kwenu. Barua yako ina sentensi moja iliyoushinda ubeti wako wote, ile ya kutega sikio alfajiri. Ufagio ule ndio shairi. Jaribu kuanzia hapo, mathalani hivi:

Ufagio umelala, penye pembe ya ukuta,
Majani yametawala, upepo umeyaleta,

Mama hakutajwa, wala hana haja ya kutajwa. Kulala kwa ufagio ni tashihisi nyepesi, yaani kitu kimepewa tendo la mtu, ambayo msikilizaji ataipokea bila kujua kwamba amepokea tamathali. Majani ni majani ya kweli, na hapo hapo ni kila kitu kinachorundikana nyumbani asipokuwapo mtu wa kukishughulikia. Kwa hiyo swali lako la kufumba au kusema wazi linajijibu lenyewe, kwa kuwa ufagio umefanya yote mawili. Mishororo miwili iliyobaki itunge wewe, maana mimi sikuwahi kumsikia mama yako akifagia.

Mamba ni sitiari ya mtawala dhalimu, basi

*Ndugu mhariri, nafundisha fasihi katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu ni hodari wa kuorodhesha tashbihi, sitiari, tashihisi na takriri, lakini wakishaitaja tamathali huona kazi imekwisha. Nilipowapa shairi la "Mamba" la Abdilatif Abdalla, karibu darasa zima liliandika kwamba mamba ni sitiari ya mtawala dhalimu, likafunga daftari. Nawavushaje hapo? Aidha, wananiuliza tofauti ya sitiari, jazanda na istiara, nami kila kitabu nikifunguacho kinanijibu lake.*

Mwalimu, la istilahi nilimalize haraka. Tashbihi hulinganisha kwa kiungo kinachoonekana, kama vile "kama", "mithili ya" au "mfano wa". Sitiari hukiondoa kiungo hicho na kukiita kitu kimoja kwa jina la kingine. Picha hiyo ikiendelezwa katika shairi zima, wapo wanaoiita jazanda na wapo wanaoiita istiara, ilhali kwa waandishi wengine istiara ni sitiari ile ile. Vitabu havikubaliani, wala havitakubaliana kesho. Mwanafunzi atumie istilahi ya kitabu anachotahiniwa nacho, kisha aingie kwenye kazi yenyewe, na kazi yenyewe ni kueleza mamba ameleta nini shairini ambacho "mtawala dhalimu" hangekileta.

Wakumbushe kwanza mazingira. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika kijikaratasi kilichouliza, bila fumbo lolote, Kenya inakwenda wapi; kwa ajili yake akafungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972. Gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni, nayo yalichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Mtu aliyefungwa kwa kusema wazi, sasa anatunga akiwa mikononi mwa wale wale. Mwanzoni mwa shairi la "Mamba" anatangaza kwamba anafumba ili wawezao wafumbue, na huo si urembo wa kuanzia shairi, ni taarifa kwa msomaji juu ya hali aliyomo mtunzi. Kisha anatuletea mamba aliyetakabari mtoni, anayejigamba na kudhani kwamba ataishi milele, na kumwonya kwamba iko siku.

Sasa waulize wanafunzi: kwa nini si simba? Simba naye anaua, tena ana nguvu. Lakini simba katika lugha yetu ni jina la sifa; wafalme na mashujaa huitwa simba, na mtawala dhalimu akiitwa hivyo huenda akafurahi. Mamba ana nguvu na meno, lakini jina lake si sifa anayoitafuta mtu. Waulize tena: kwa nini mtoni? Kwa sababu mtoni ndiko kila mtu analazimika kwenda. Nguvu ya mamba huyu haiko kwenye taya zake peke yake, iko pia katika kukaa penye kitu ambacho watu hawawezi kuishi bila kukifuata. Na majigambo yake je? Mnyama anayeahidi kuishi milele anachekesha, na kicheko hicho ni sehemu ya silaha ya mfungwa asiye na silaha nyingine. Hapo mwanafunzi amekwisha kufika kwenye kinaya, yaani maneno yanayomgeuka msemaji wake, bila kutumwa.

Mmoja wao akiongeza kwamba nguvu za mamba ni za kuazima, kwa kuwa akitoka majini hupungua, msifu, lakini mwambie aandike kwamba hilo analitoa kwa mamba wa kawaida wala si kwa shairi. Mipaka hiyo ina faida kubwa. Sitiari huja na mzigo wa sifa nyingi. Mshairi huchagua baadhi na kuziacha nyingine, na msomaji makini hujua anapomalizia mshairi na anapoanzia yeye mwenyewe.

Zoezi ninalolipenda ni la kuondoa. Wape wanafunzi maelezo mafupi ya shairi hilo ambamo kila penye mamba umeandika "mtawala", na kila penye mto umeandika "nchi", kisha waorodheshe kilichopotea. Mara nyingi wa kwanza kuona ni yule anayekaa nyuma na kusema kwamba sasa shairi limekuwa la mtu mmoja na la mwaka mmoja. Watawala wa wakati ule wamepita. Mamba bado anasomeka, na kila kizazi kinamjua wake.

Shairi langu limemuudhi mwanamke mmoja

*Ndugu mhariri, mimi hutunga mashairi ya masuala ya jamii. Hivi karibuni nimetunga shairi la beti nane kuhusu binti aliyeozwa akiwa bado mwanafunzi. Linaanza hivi:*

*Ua changa limechumwa, halijaanza chanuka,*
*Ndoto zake zimezimwa, giza kwake limefika,*

*Mzee mmoja ninayemheshimu sana katika ushairi alinipongeza kwa kutumia tafsida, yaani lugha ya kusitiri, akasema malenga hayaweki hadharani mambo ya aibu. Lakini msomaji mmoja mwanamke aliniambia kwamba shairi limemuudhi, na hakutaka kunieleza sababu. Nani yuko sahihi?*

Yupo sahihi yule mwanamke, na nadhani naijua sababu yake. Nimezisoma beti zako zote nane kwa utulivu, kisha nikazisoma tena nikiwa na swali moja tu: nani kafanya? Ua limechumwa. Ndoto zimezimwa. Mlango umefungwa, kalamu imevunjika, kicheko kimepotea. Hakuna baba, hakuna mjomba, hakuna mshenga, hakuna mume. Kuna ua, upepo, usiku na machozi. Kwa shairi hilo, mtu akitaka kushtaki, wa kushtakiwa ni hali ya hewa.

Sarufi yetu ina milango mingi ya kumtorosha mtenda, na inafaa kila anayetunga juu ya dhuluma aijue. Kauli ya kutendwa, kama "limechumwa", angalau inaacha nafasi ya msikilizaji kuuliza "na nani?" Kauli ya kutendeka, kama "imevunjika", inaifunga hata nafasi hiyo, kwa maana inamfanya msikilizaji aone kana kwamba kalamu ilijivunjia yenyewe. Vitenzi vya kwenda na kufika, kama "giza limefika", vinaleta balaa kutoka pasipojulikana. Ukivipanga vyote mfululizo kwa beti nane, umemwandikia binti shairi la huruma lililomwachia huru kila aliyemdhuru. Kauli hizo si mbaya. Zina mahali pake, hasa pale unapotaka tuhisi namna mtoto mwenyewe asivyoelewa kinachompata. Lakini lazima ziwe zimechaguliwa. Zako, naona, zimekuja kwa mazoea.

Linganisha na mshororo huu:

Ua kalichuma baba, mahari aliposhika,

Tamathali ni ile ile, mizani ni ile ile, wala hakuna neno hata moja la aibu. Kilichobadilika ni kwamba mkono umeonekana, na ndani ya mkono huo kuna mahari.

Kuhusu tafsida, mzee wako ana hoja, ila ameipeleka kusikostahili. Tafsida imewekwa ili kumsitiri aliyeumizwa: tusiuweke mwili wake mbele ya watu, tusisimulie usiku wake wa kwanza kwa namna itakayomfanya aumizwe mara ya pili na macho ya wasomaji. Tafsida yako imemsitiri aliyeumiza. Mweleze mzee tofauti hiyo kwa adabu, tena ikiwezekana muwe wawili tu, na usishangae akikubali upesi kuliko unavyotarajia. Wazee wa ushairi wanajua kuliko sisi kwamba fumbo lilitungwa ili limfikie mkosaji.

Ukitaka ushahidi kwamba mila ya utunzi wetu haiogopi kumtaja mtenda, mkumbuke Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950. Wimbo wake wa "Kijiti" ulitokana na mauaji ya kweli ya mwanamke. Ulimtaja mtuhumiwa kwa jina, ukasema kwamba yeye ametoroka ilhali wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Wimbo huo haukuacha kuwa sanaa kwa sababu ulisema nani kafanya nini; watu waliushika kwa ajili hiyo hiyo. Wewe sikushauri umtaje mtu kwa jina, hasa ikiwa binti ni wa kweli na anajulikana, maana ukimtaja baba umemtaja na mtoto. Taja cheo chake katika tukio. "Baba" inatosha, na "mwalimu aliyenyamaza" inatosha.

Bado kuna lile ua lenyewe, na hapa ndipo ninapodhani hasira ya msomaji wako ilipozidi. Ua thamani yake iko katika kutoguswa. Likichumwa hunyauka, na likishanyauka hutupwa. Unapomwita binti aliyeozwa kwa nguvu ua lililochumwa, umesema bila kukusudia kwamba maisha yake yamekwisha na kwamba kilichopotea ni ubichi wake. Huenda msomaji wako aliwahi kuchumwa kwa namna hiyo hiyo, na sasa anasoma kwamba yeye ni takataka ya bustani. Sitiari ina hukumu ndani yake hata pale mshairi anapodhani anatoa pole. Mtafutie binti huyu picha inayomwachia uwezo wa kufanya jambo: mpe sauti, mpe daftari alilolificha, mpe hata ukaidi mdogo.

Au geuza kabisa. Mwache baba azungumze yeye kwa nafsi ya kwanza, akiwa na furaha, akihesabu alichopokea na kusifu busara yake mwenyewe, wala usimkatize kwa mshororo wowote wa masikitiko. Kinaya kikikaa sawasawa, msikilizaji atakasirika mwenyewe bila kuambiwa akasirike. Ningependa kuliona toleo hilo.

Uchungu na vina

*Je, mtu mwenye maumivu ya kweli anaweza kuyapimia mizani? Mimi naona shairi huru ndilo la kweli, na mashairi ya vina ni mchezo wa watu waliotulia.*

Mabishano haya yana umri. Amri Abedi alipochapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954 aliwapa wengi kipimo cha shairi ni nini, na Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 bila kufuata kipimo hicho, wapo waliokataa kabisa kuyaita yale mashairi. Leo yote mawili yanasomwa darasa moja. Sauti ya Dhiki, niliyoitaja hapo juu, imetungwa kwa arudhi, na aliyeitunga hakuwa mtu aliyetulia.

Hatari ya vina ninaikubali, nayo ni moja: kina hukuchagulia uchungu. Mwandishi wa barua ya kwanza alisema moyo umekuwa chuma, nami nashuku kwamba moyo ule uligeuka chuma kwa sababu mshororo ulihitaji kuishia kwa "ma". Ikikutokea hivyo mara kwa mara, weka vina kando kwa muda. Lakini shairi huru nalo lina hatari yake, kwa kuwa hakuna kinachomzuia mtunzi kuandika jambo la kwanza lililomjia, na la kwanza kumjia mtu mara nyingi ni lile ambalo limekwisha kumjia kila mtu.

Rafiki yangu anasema ni ushairi tu

*Nina rafiki wa karibu ambaye hunitumia mashairi yake kwa simu. Zamani yalikuwa ya mapenzi na utani. Siku hizi ni ya safari isiyo na kurudi, mlango unaofungwa taratibu, na mto unaomwita kwa jina lake. Nikimuuliza hunijibu kwamba ni ushairi tu. Shuleni tulifundishwa kwamba nafsineni si mshairi, hivyo naogopa kumsoma vibaya na kumwaibisha. Nisubiri?*

Usisubiri. Mliyofundishwa ni kweli: anayesema "mimi" ndani ya shairi si lazima awe yule aliyelitunga, na bila kanuni hiyo tungemkamata kila mshairi aliyemwimbisha mwuaji. Ni kweli pia kwamba mauti ni mgeni wa siku nyingi katika ushairi wetu. Al-Inkishafi yote ni mtu akiukanya moyo wake usidanganywe na dunia inayopita, na Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi wa nasaha mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akiuona mwisho wake u karibu. Kwa hiyo kutaja kifo peke yake si dalili.

Lakini kanuni ya nafsineni ni ya kusomea mashairi, wala haikutungwa kwa ajili ya kuamua kama rafiki yuko salama. Unachokieleza ni mabadiliko. Mtu aliyekuwa akiandika utani sasa anaandika jambo moja tu, na anakutumia wewe. Angalia na mwenendo wake nje ya mashairi: je, amejitenga, halali au analala kupita kiasi, anagawa vitu anavyovipenda, anaomba radhi na kuaga bila sababu, anasema kwamba yeye ni mzigo kwa wenzake? Hata kama huoni hayo yote, bado muulize.

Na umuulize kwa lugha kavu. Yeye amechagua fumbo, na ukimjibu kwa fumbo utakuwa umemwachia mahali pa kujifichia. Kaeni wawili, mahali tulivu, umwambie: "Nimeyasoma mashairi yako na yamenitia wasiwasi. Je, unafikiria kujiua?" Watu wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo, waliochunguza jambo hili wameona kwamba kuuliza moja kwa moja hakupandi wazo hilo, na wengi huona nafuu kwamba hatimaye mtu amelitamka. Ukishauliza, nyamaza usikilize. Usimhubirie, usimwambie kwamba wapo wenye shida kuliko zake, na usimwahidi kuificha siri.

Akikubali, na hasa ikiwa amekwisha kufikiria namna na wakati, usimwache peke yake. Hakikisha hawezi kukifikia kitu alichokusudia kukitumia, mwite mtu mzima anayemwamini, mwende pamoja hospitali au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama kuna namba ya simu ya msaada mnakoishi, pigeni mkiwa pamoja. Kukasirika kwake kwa sababu umewaambia wengine kunaweza kusuluhishwa baadaye. Akikataa, na wewe ukaamini kwamba anasema kweli, endelea kumtembelea na kumuuliza tena baada ya siku chache, kwa sababu jibu la leo si la wiki ijayo.

Mashairi yake yatunze. Usiyafute, usiyasambaze kwa marafiki wengine hata kwa nia njema, na usianze kumsahihishia vina. Akiridhia, mhudumu wa afya anaweza kuyasoma, maana huenda ndani yake kuna mambo ambayo mdomo wake bado haujaweza kuyatamka mbele ya mgeni.